Siku ya Kufungua Barua

9 Januari

Cheche,

Kabla hujauliza: nimefika, nimelala, nimekula, na sanduku halikufunguka njiani. Ile kamba uliyofunga kama vile unafunga mwizi, ilibidi watu wawili wanisaidie kuifungua.

Simu wamezichukua getini. Si kwa ubaya. Ofisini kuna boksi la bati, unaandika jina kwenye plasta, unabandika nyuma ya simu, unaiaga. Kwa hiyo turudi kwenye kalamu, mdogo wangu. Wewe uliyejifundisha mwenyewe kufungua simu za watu, sasa ujifundishe kufunga bahasha.

Tuko kumi na wanane hapa chuo cha misheni. Kuna mwalimu wa hesabu, kuna nesi, kuna mume na mke waliofunga duka lao wakaja, halafu kuna fundi bomba mmoja, mzuri wa sura, unamjua. Tunasoma namna ya kukaa kwenye nyumba ya mtu usiyejua lugha yake. Namna ya kula usichokijua bila kukunja uso. Namna ya kusimulia maisha yako kwa dakika tatu. Dakika tatu, Cheche! Mwalimu anashika saa, ukizidisha anagonga meza kwa rula. Mama angegongewa mpaka meza ipasuke.

Mimi dakika zangu unazijua. Kwamba miaka minne nimeishi na sukari. Kwamba ni hiyo hiyo iliyomchukua Baba. Kwamba misheni ilinikataa mara mbili kwa sababu ya kipimo cha mkojo, na mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, kikatoka safi, daktari mwenyewe akageuza karatasi mbele na nyuma. Nikifika hapo hakuna anayekohoa. Mkuu wa chuo anataka niseme tena Jumapili mbele ya wageni.

Tangu siku ile sijagusa kidonge. Kopo zima nilimwaga chooni nikavuta maji, na choo nikikivuta mimi kimevutwa.

Shida yangu ndogo ni kiu. Ni joto la hili bweni. Wenzangu wameshaanza kuniita Jagi.

Mwambie Mama asipige pasi akiwa amesimama siku nzima. Stuli niliyomtengenezea si pambo.

Kaka yako,
Bomba


17 Januari

Kaka Bomba,

Hii siitumi. Naiandika nione tu kama maneno yenyewe yapo.

Unakumbuka benchi la pale kliniki? Mama katikati, macho amefumba, anaomba midomo inacheza. Wewe umetoka chooni na kichupa chako. Mpiga picha wa pasipoti akaita jina lako. Ukanipa kichupa, ukasema, "Nishikie, Cheche, usije ukakinywa." Ukaondoka unacheka.

Kilikuwa cha moto mkononi. Nikakumbuka walivyokukataa ile mara ya pili, ulivyokaa siku tatu ukutani na zile spana hujazigusa. Choo kilikuwa hatua sita. Sikuchukua hata dakika mbili. Nilimwaga chako, nikajaza changu, nikarudi nikakaa.

Mimi nilidhani nabadilisha karatasi tu! Basi! Karatasi ni ya misheni, vidonge ni vyako. Nilidhani utapanda ndege na karatasi safi mfukoni na vidonge kwenye soksi, utakuwa mwangalifu kama siku zote, utarudi, tutazeeka, halafu siku moja nitakwambia na tutacheka mpaka tukohoe.

Halafu daktari akasoma. Ukapiga magoti koridoni, pale pale kwenye maji ya deki, ukalia kwa sauti. Mama akapiga magoti. Mfagiaji akaweka fagio chini, naye akapiga magoti. Nikabaki mimi peke yangu nimesimama kama mti wa umeme.

Sikufikiria kwamba mtaamini ni muujiza. Mjinga gani mimi! Miaka kumi na tisa nimelala nyumba moja na nyinyi, najua kabisa hii nyumba inaamini nini, na sikufikiria.

Jumapili Mama akasimama kutoa ushuhuda. Mama, ambaye tangu Baba afe hajafungua mdomo kanisani zaidi ya kuimba. Ningesema nini? Ningesimama nimwambie akae?

Siitumi. Naiweka kwenye boksi la skrubu.

C.


18 Januari

Kaka Bomba, Bwana Jagi,

Hapa wazima. Stuli inakaliwa na paka. Mama anasimama.

Jana kaja mteja na simu iliyoanguka kwenye sufuria ya maharage, anataka niirudishe na picha zake zote. Nikamwambia picha zitarudi, ila zitanukia. Alikasirika, halafu akacheka, halafu ikawaka! Yaani ikawaka kweli! Nimejisikia profesa.

Sasa sikiliza. Kwenye hiki kifurushi kuna soksi mbili za kijivu. Ndani ya soksi kuna vidonge vyako vya miezi mitatu. Usinune. Mimi sisemi kwamba hujapona. Nasema tu, fundi mzuri akishaziba bomba si anaacha ndoo chini siku mbili tatu? Si ulinifundisha wewe? Basi meza kimoja asubuhi, usimwambie mtu. Hiyo kiu siipendi.

Fanya kwa ajili yangu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Mama anasema amekuombea soksi zisichanike.

Cheche


2 Februari

Mdogo wangu,

Soksi nimevaa. Vidonge nimempa mwalimu wa afya wa chuo awape wanaovihitaji.

Sijakasirika. Kidogo tu nilikasirika, halafu nikacheka peke yangu mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kulikoni. Nilimsomea ile ya simu ya maharage. Sasa bweni zima linakujua. Wakiona bahasha yako wanasogea: "Jagi, soma, Cheche kasemaje?"

Lakini usinipimie imani kwa vidonge, Cheche. Nikimeza kimoja asubuhi, mchana nitasimama mbele ya watu niseme nini kwa dakika tatu? Nitakuwa nimewadanganya. Mimi kitu nilichopewa nimekipokea kwa mikono miwili, sirudishi.

Nimepungua, suruali nazifunga na mkanda wa mwenzangu. Tunafunga kula Jumatano na Ijumaa.

Tunasafiri tarehe ishirini, watu sita. Ni mbali na ni baridi. Kuna hosteli ya vibarua wa bandarini, misheni inaiendesha, mabomba yake yameoza yote. Mimi nitatengeneza mabomba na kujifunza lugha, na nikishaijua nitaanza kuzungumza na watu. Kuna kanuni moja itakayokuudhi: miezi mitatu ya kwanza hatuandiki nyumbani wala hatusomi barua za nyumbani. Wanasema akili ikibaki kwenu, ulimi haushiki lugha. Barua mtakazotuma zinakaa kwenye boksi la kiongozi wa timu, halafu tarehe ishirini Mei ni sikukuu kabisa, Siku ya Kufungua Barua.

Kwa hiyo andika nyingi. Nataka siku hiyo langu liwe fungu nene kuliko la wote.

Bomba


22 Februari

Kaka Bomba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Uwanja wa ndege nilikuja na neno mdomoni. Ulinikumbatia, nikasikia mbavu zako kupitia koti. Nikasema, "Kaka," ukasema, "Nini, Cheche?" Mama alikuwa ameshika mkono wako ule mwingine na anakutazama kama vile umeshuka kutoka juu. Nikasema, "Funga vifungo, kuna baridi." Hilo ndilo nililosema. Vifungo!

Sasa nasema. Kile kichupa cha pale kliniki, ule mkojo ulikuwa wangu. Wakati unapigwa picha nilimwaga chako nikaweka changu. Kipimo kilichotoka safi ni changu mimi. Hujapona, kaka. Sukari unayo kama ulivyokuwa nayo siku zote, na sasa una miezi zaidi ya miwili bila dawa. Hiyo kiu ni yenyewe. Huko kupungua ni kwenyewe. Baba alianza hivyo hivyo, na wewe ndiye uliyekuwa unamchotea maji.

Nenda hospitali leo. Wakikurudisha nyumbani, nitabeba mimi. Mama akinifukuza, nitabeba mimi. Kanisa lote likinitemea mate, sawa. Meza dawa tu.

Nilipiga simu ofisi ya misheni. Katibu akasema kanuni ni kanuni, hakuna kinachopita mpaka Mei isipokuwa taarifa ya msiba. Nikasema ni jambo la afya. Akauliza, afya ya nani? Kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia. Nikakata simu.

Unaona nilivyo? Hata hapo.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini nenda hospitali.

Cheche


20 Machi

Kwa familia ya ndugu yetu fundi,

Amani iwe kwenu. Mimi ni kiongozi wa timu, naandika taarifa ya mwezi kwa kila nyumba.

Ndugu yetu ni furaha kwetu sote. Ghorofa ya kwanza maji yanatoka ya moto na ya baridi, na vibarua wamempa jina kwa lugha yao, maana yake ni mtu wa maji. Ushuhuda wake wa kupona ameshaweza kuusema kwa lugha ya hapa, sentensi tano, na watu wazima wametokwa na machozi.

Amepungua mwili, kwa kuwa anafunga kuliko sisi. Wiki mbili zilizopita kiungo cha bomba la chuma kilimwangukia kidole cha mguu, lakini msiwe na hofu. Hakusikia hata maumivu, jambo ambalo limetushangaza na tumelishukuru. Kidonda kinaendelea polepole kwa sababu ya baridi.

Mama, mwanao ni baraka.

Kiongozi wa timu


3 Aprili

Mheshimiwa Kiongozi,

Shikamoo. Mimi ni mdogo wake fundi, binti wa mwisho kwetu. Taarifa yako imefika leo. Mama ameibusu, ameiweka kwenye Biblia. Mimi nimeisoma mara tano.

Kaka yangu ana ugonjwa wa sukari. Kutosikia maumivu si zawadi, ni ganzi, Baba yetu alikuwa nayo. Nakuomba mpeleke hospitali apimwe damu, leo, usingoje kesho. Na kwenye boksi lako kuna barua yangu ya tarehe ishirini na mbili Februari, bahasha nene kuliko zote. Mpe aisome sasa. Au ifungue wewe, mimi nimeruhusu.

Tafadhali sana. Nimepiga magoti huku nikiandika.

Mdogo wake


19 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Nimeguswa na barua yako. Usione aibu kwa hofu uliyonayo. Katika miaka yangu ya kazi hii nimeona kwamba mwezi wa pili na wa tatu ndio mgumu kuliko yote kwa nyumbani. Mama mmoja aliwahi kutuandikia kwamba amepooza, kijana akarudi mbio, akamkuta sokoni anachagua nyanya. Chuoni tunawafundisha vijana kuyategemea haya, nasi viongozi tunafundishwa kuyasoma kwa upendo.

Nimefungua faili la kaka yako ili nikutulize. Karatasi ya daktari ipo mbele yangu: kipimo cha mkojo, hakuna sukari. Safi kabisa. Nimemuuliza naye mwenyewe, bila kukutaja, kama anajisikia mgonjwa. Amecheka.

Barua za watu sifungui, na sitaanza na ya kwako. Siku ya Kufungua Barua imebaki mwezi mmoja tu. Kidonda tunakiombea kila asubuhi.

Kiongozi wa timu


4 Mei

Mheshimiwa,

Hiyo karatasi ni yangu. Huo mkojo ni wangu. Nilibadilisha kichupa mimi, kwa mkono wangu, kaka hajui, Mama hajui. Ilibidi niandike hivyo tangu mwanzo na sikuandika, niliona haya mbele ya mtu nisiyemjua. Mtu nisiyemjua!

Mpeleke hospitali. Sina neno lingine.

Cheche, anayejulikana kwenu kama mdogo wake fundi


24 Mei

Cheche,

Mwandiko ni wa nesi, yule wa chuoni, tuko naye timu moja. Macho yangu bado yana ukungu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asirekebishe kitu.

Siku ya Kufungua Barua tulikaa mezani, watu sita na vibarua kama ishirini waliokuja kutazama. Desturi yao ni kwamba kila mtu anachagua barua moja kutoka fungu lake na kuisoma kwa sauti, bila kuichungulia kwanza, ili furaha iwe ya wote. Mume na mke walisoma ya mtoto wa dada yao, imejaa michoro ya magari. Nesi alisoma ya mama yake, akashindwa katikati, tukaimalizia sisi. Zamu yangu ikafika. Walianza kugonga meza, "Cheche! Cheche!" Nikachagua ile nene kuliko zote. Niliishika karibu sana na uso ili nione herufi.

Nikasoma: "Kaa chini kwanza." Watu wakacheka. Nikakaa, wakacheka zaidi.

Nilisoma ile ya vifungo, wakacheka. Nilisoma mpaka pale, "ule mkojo ulikuwa wangu," na hapo pia walicheka, Cheche. Walidhani ni utani kama ule wa simu ya maharage. Mimi mdomo ulikuwa umetangulia, ukaendelea kusoma kabla kichwa hakijafika. Nilisoma yote. Mpaka "usinisamehe". Nilipoinua uso hakuna aliyekuwa anacheka, isipokuwa wale vibarua ambao hawajui lugha yetu. Wao walikuwa bado wananitabasamia. Mmoja akapiga makofi.

Nesi aliinuka, akanivua kiatu pale pale mezani. Kumbe wiki mbili nzima alikuwa ananusa kitu na kujilaumu kwamba hana imani.

Wamekata mguu wa kulia, chini ya goti. Walinipa siku moja ya kufikiri, na vidole vilikuwa vimeshakuwa rangi ya bomba la chuma. Barua yako ya pili kwa kiongozi ilifika kesho yake, nikiwa tayari huku hospitali. Anakuja kila asubuhi, anakaa kwenye kiti, koti hajavua.

Nina ombi moja. Mama asijue. Nitamwandikia kwamba ni ajali ya kazi, bomba limeniangukia, na si uongo sana. Mguu atauzoea. Ila ule ushuhuda wake mwachie. Hana kitu kingine.

Kaka yako


12 Juni

Kaka,

Nimelia mpaka jirani kaja kugonga. Sitakuandikia kuhusu hilo kwa sababu machozi yangu hayakuoteshi mguu.

Nakuandikia kwamba sikufanya ulichoniomba.

Nilitaka. Naapa. Barua yako ya ajali ilifika, Mama akalia siku nzima, halafu jioni akasema, "Kama Mungu alimwondolea sukari, mguu mmoja si kitu, atamtunza na huo uliobaki." Nilinyamaza siku tatu. Nilikuwa tayari kunyamaza mpaka kaburini, maana umeniomba na nina deni gani kubwa kwako kuliko hili.

Lakini unamjua yule fundi cherehani wa kanisani, anayeshona majoho ya kwaya, yule anayekuita mkwe. Alikuja kuniletea simu yake. Nikamwona midomo imekauka, anaomba maji, anamaliza, anaomba tena. Nikamwuliza, "Mama, dawa zako za sukari unameza?" Akacheka, akasema, "Dawa? Nilizitupa zote tangu mwezi wa kwanza. Yule wa kwenu alizitupa akapona, mimi nimemkosea Mungu nini?"

Nilifunga kibanda, betri za watu nimeziacha mezani, nikakimbia nyumbani.

Mama alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mteja. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa mkupuo mmoja, kliniki, kichupa, choo, yote. Pasi haikusimama. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akageuza, akaanza wa pili. Halafu akauliza, "Kichupa kilikuwa mkononi mwako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye benchi. Ulikuwa unaomba."

Akasimamisha pasi. Akasema, "Liondoe shati la watu lisije likaungua." Nikaliondoa. Akabaki ameweka viganja vyote viwili pale mezani, kwenye kitambaa cha moto, mpaka nikamshika mikono nikaitoa. Kaka, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Aliniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo siku ile hakuna kitu kilichotokea?" Nikalikunja lile shati la mteja.

Jumapili wakati wa shuhuda akasimama. Watu wakaanza kutabasamu kabla hajasema, wanajua wimbo. Akasema, "Nilisimama hapa nikawaambia mwanangu amepona. Hakupona. Ilikuwa kosa la nyumbani kwangu. Wote mliotupa dawa kwa maneno yangu, nendeni mkachukue nyingine leo, msingoje kesho." Hakunitaja. Akakaa. Fundi cherehani alitoka na mkoba wake katikati ya ibada, na nilimfuata mpaka hospitali, na yuko hai, amelazwa, kaka, yuko hai.

Mama anazungumza na mimi. Ananiambia maji yamechemka. Ananiambia kuna mteja mlangoni. Chakula changu anakifunika kwa sahani kama zamani. Ila akipita karibu yangu anajibana kidogo, kama vile mimi ndio pasi.

Nimekuvunjia ombi moja ulilowahi kuniomba. Ongeza kwenye yale mengine.

Cheche


1 Julai

Cheche,

Leo naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda mlima. Sindano wananichoma asubuhi na jioni, ukungu umepungua. Magongo nimeyazoea kuliko nilivyodhani, jana nimeshuka nayo mpaka chumba cha mabomba, nikaongoza kibarua mmoja akaziba ghorofa ya tatu. Lugha imeshika. Walisema kweli, akili ikiondoka kwenu ulimi unashika.

Ulifanya sawa kuhusu Mama. Katika kusoma barua yako, nilipofika pale kwa fundi cherehani niliacha kukasirika.

Sasa na mimi niseme langu, na hili hata nesi hajui.

Nilijua.

Si kuhusu kichupa, hapana, hicho sikukiota hata ndotoni. Lakini chuoni, wiki ya tatu, niliamka nikaenda chooni mara ya nne kabla ya kengele, nikasimama pale, na mwili wangu ukaniambia kama mtu anayemwambia mwenzake ni saa ngapi. Nimeishi nayo miaka minne, Cheche. Naijua inavyotembea. Ndiyo maana vidonge vyako nilivitoa haraka, kabla sijafungua soksi ya pili. Huku nako, siku kile chuma kiliponiangukia na nisisikie, nilijua kuliko kiongozi, kuliko nesi. Nikawaambia watu tumshukuru Mungu. Kiongozi aliponiuliza kama najisikia mgonjwa, nilicheka kabla hajamaliza swali.

Ningeweza kwenda hospitali siku yoyote. Ni dakika kumi kwa miguu, na miguu nilikuwa nayo.

Sikwenda kwa sababu wangeniambia. Basi hivyo tu. Kila mtu huku alinijua kwa jambo moja lililonitokea, na mimi mwenyewe nilijijua kwa hilo. Kwa hiyo usiubebe huu mguu peke yako. Sehemu yako ni siku moja, dakika mbili, ulinipenda ukakosea. Yangu ni kila asubuhi, miezi mitano.

Mama ameniandikia. Mistari miwili, kwa mkono wake, herufi kubwa kama za mtoto. "Mwanangu rudi. Nitakupokea ulivyo." Hajaandika neno la Mungu hata moja. Nimeisoma nikaogopa.

Narudi tarehe kumi na nne, ndege ya mchana. Nataka nikuombe kitu, na hiki usikivunje. Usije uwanja wa ndege. Aje Mama peke yake. Nitakaa kwa mjomba kwanza, mwezi, labda miwili, nitakwambia.

Si hasira, mdogo wangu. Nimeitafuta hasira, sijaiona. Ila nikifumba macho, siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi bado ni ile, pale koridoni, magoti kwenye maji ya deki, na Mama, na yule mfagiaji. Hakuna nyingine inayoikaribia. Najua sasa kwamba hakikutokea kitu. Lakini mimi nilikuwepo, Cheche, na kilinitokea. Nikikuona wewe nitakumbuka nani alikuwa amesimama.

Niachie siku ile kidogo tu. Nikiimaliza nitakuja mwenyewe kwenye kibanda chako, utanisikia magongo kabla hujaniona.

Kaka yako